VPN ya Ofisi Ndogo Ruziba: Pesa Iende Wapi

Mfanyabiashara wa mawese mwenye ghala Ruziba, kandokando ya barabara ya Rumonge, hana biashara ya mahali pamoja. Mafuta ananunua Rumonge, kilomita 70 na ushei kusini mwa Bujumbura. Wateja wake wa jumla wako Buyenzi na Kinama. Mhasibu anakaa upande mwingine wa jiji. Na hesabu ya yote hayo, madeni, mapipa na malipo, imo ndani ya kompyuta moja iliyowekwa ofisini. Tangu uhaba wa petroli ulipozidi nchini, kumtaka mhasibu afike Ruziba kila asubuhi ni kumtaka apoteze nusu ya siku akisubiri basi. Hapo ndipo watu wanapouliza: VPN ni bei gani?

Bei tutaifikia. Kwanza ijulikane ni VPN ipi inayoulizwa, kwa sababu jina hilo moja limebeba vitu viwili visivyofanana kazi, na ofisi nyingi hulipia kile kisichowahusu.

Wengi wetu Burundi tulilijua neno VPN mwishoni mwa Aprili 2015, mitandao ya kijamii ilipozimwa kwenye simu, na tukalisikia tena siku ya uchaguzi, tarehe 20 Mei 2020. Kilichopakuliwa siku zile ni programu ya simu inayochukua mawasiliano yako, kuyafunga kwa msimbo, kuyapeleka kwenye seva ya kampuni fulani ng'ambo, kisha kuyaachia huko. Kwa ofisi yako programu hiyo haina msaada. Inakufikisha Amsterdam au Singapore. Kompyuta ya ghala la Ruziba inabaki pale pale, haifikiki.

VPN ya kazini ni njia iliyofungwa kwa msimbo kati ya vifaa vyako mwenyewe: kompyuta ya mhasibu nyumbani, ruta ya ofisi Ruziba, simu ya mnunuzi Rumonge. Mawasiliano yanapita kwenye intaneti ileile ya kila mtu, lakini kampuni ya simu au mtu aliyekaa kwenye Wi-Fi ya mgahawa hawezi kusoma kilichomo. Na vifaa vyote vinaonana kana kwamba viko chumba kimoja. Hii ndiyo ya kununua, na mara nyingi programu yenyewe ni ya bure kabisa. Gharama iko penginepo.

Kuhusu zile za bure za simu, nitasema waziwazi: zisiguse kompyuta ya kazi. Mwaka 2015 ilifahamika kwamba Hola, programu iliyokuwa na mamilioni ya watumiaji, ilikuwa ikiuza intaneti ya watumiaji wake kwa wateja wengine kupitia huduma yake ya Luminati. Onavo Protect, ambayo Facebook iliinunua mwaka 2013, ilijitangaza kuwa ya ulinzi huku ikiipa Facebook picha ya programu gani watu wanatumia na kwa kiasi gani. Apple iliitaka iondolewe dukani kwake mwaka 2018 na mwaka uliofuata ikafungwa. Hesabu za wateja wako hazifai kupitishwa kwenye mikono ya namna hiyo.

Je, unaihitaji?

Kama hesabu zako ziko kwenye huduma ya intaneti unayoifungua kwa kivinjari, barua pepe ziko Google au Microsoft, na hakuna faili la maana kwenye kompyuta ya ofisi, huna sababu ya kununua VPN. Mawasiliano hayo yamekwisha kufungwa. Badala yake weka nenosiri refu kwa kila mtu na uthibitisho wa hatua mbili, ambao kwa kawaida ni wa bure.

Unaihitaji kama kuna kitu kinachoishi ofisini na lazima kifikiwe kutoka nje: programu ya uhasibu, folda la mikataba, kinasa picha cha kamera za ghala, mashine ya mahudhurio. Hapa mafundi wengi huchukua njia ya mkato. Wanafungua mlango kwenye ruta ili kamera au kompyuta ionekane moja kwa moja kwenye intaneti. Inafanya kazi siku hiyohiyo, na mwenye ofisi anafurahi. Lakini mlango ukiwa wazi kwako uko wazi kwa dunia nzima. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai vilitwaa mamia ya maelfu ya kamera, vinasa picha na ruta kwa kujaribu tu majina na manenosiri ya kiwandani ambayo hakuna aliyeyabadilisha. Mlango wa 3389, ambao Windows huutumia kuruhusu mtu aione skrini ya kompyuta akiwa mbali, ni miongoni mwa milango inayogongwa zaidi duniani na mitambo ya wezi, usiku na mchana. Ukikuta fundi ameufungua kwenye ruta yako, mwambie aufunge leo, hata kabla VPN haijawekwa.

Intaneti yako inaingiaje?

Hili ndilo jambo linaloamua bei kuliko chapa ya programu, na ndilo linalosahauliwa. Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio dogo ambalo halina gharama. Fungua ukurasa wa ruta yako, ule unaouingia kwa kuandika namba kama 192.168.1.1. Tafuta sehemu ya WAN na uandike anwani ya IP iliyopo pale. Kisha, kwenye kompyuta hiyohiyo, tafuta kwenye Google maneno "what is my ip" na uandike namba utakayoonyeshwa. Linganisha.

Namba zikifanana, una anwani ya umma: mtu aliye nje anaweza kuifikia ruta yako moja kwa moja. Zikitofautiana, hasa kama ile ya kwenye ruta inaanzia 100.64 hadi 100.127, au inaanza na 10, basi kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Unaweza kutoka, lakini hakuna anayeweza kuja kwako kutoka nje, hata fundi angekuwa hodari vipi. Intaneti ya laini za simu kwa kawaida iko hivyo. Starlink, iliyoanza kuuzwa Burundi mwaka 2024, nayo iko hivyo kwa vifurushi vya nyumbani. Kwa intaneti ya nyaya za fiba, uliza. Kampuni nyingi zina anwani ya umma isiyobadilika kwa ajili ya wafanyabiashara, ila hutolewa kwa anayeomba, mara nyingi kwa nyongeza ya kila mwezi.

Ukiwa na anwani ya umma, chaguo la bei nafuu kuliko yote ni kuweka WireGuard ndani ya ruta. WireGuard ni programu ya chanzo huria iliyoandikwa na Jason Donenfeld. Iliingizwa rasmi ndani ya kiini cha Linux toleo la 5.6, Machi 2020. Msimbo wake ulianza ukiwa na mistari isiyofika 4,000 hivi, jambo linalorahisisha kazi ya wanaoukagua. Haina leseni ya kulipia. Ruta za MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo vifaa vyake vimezoeleka kwa mafundi wa Afrika Mashariki, zinayo tangu toleo la 7 la mfumo wake. Ruta ndogo ya aina ya hEX ina bei ya kiwandani ya dola 60 hivi. Bujumbura utailipia zaidi, kwa sababu ya usafiri, ushuru na bei ya dola, lakini utailipia mara moja.

Neno hilo "mara moja" ni zito hapa kwetu kuliko Nairobi au Dar es Salaam. Dola ni adimu, na kadi inayokubali malipo ya ng'ambo kila mwezi si kila ofisi inayo. Huduma inayotozwa kwa kila mtumiaji, tuseme dola 6 kwa mwezi, kwa wafanyakazi 8 inakuwa dola 576 kwa mwaka, na mwezi kadi ikikataa, mhasibu anafungiwa nje. Kwa hiyo napendekeza bila kusita: kwa ofisi ndogo, nunua kifaa, usinunue malipo ya kila mwezi, isipokuwa umelazimika.

Unalazimika pale ambapo anwani ya umma haipatikani. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni huduma za mtandao kama Tailscale au ZeroTier. Vifaa vyote vinatoka nje kwenda kukutanishwa, kisha vinaunganishwa vyenyewe kwa vyenyewe, kwa hiyo kizuizi cha kampuni ya simu hakisumbui. Tailscale imejengwa juu ya WireGuard, na mtumiaji anaingia kwa akaunti yake ya Google au Microsoft. Zote mbili zina mpango wa bure wenye kikomo cha watu au vifaa. Kikomo hubadilika, basi kisome siku unayojiunga, na usome pia bei ya mpango unaofuata, maana siku ukizidi kikomo ndiyo bei utakayokutana nayo. Kwa ghala letu lenye mwenye mali, mhasibu na mnunuzi, mpango wa bure unaweza kutosha, kama masharti yake yanaruhusu biashara.

Njia ya pili ni kukodi seva ndogo ng'ambo, ya dola 5 hivi kwa mwezi, na kuweka WireGuard humo. Ruta ya Ruziba inaipigia seva, mhasibu naye anaipigia, wanakutana pale. Kwa mwaka ni dola 60, wawe watu 3 au 30. Tatizo ni kwamba sasa una seva ya kutunza: lazima mtu aisasishe, na lazima ilipwe kwa wakati. Usiingie huku kama huna fundi wa kuaminika wa kumwita. Na seva iwe karibu kadiri inavyowezekana. Burundi haina pwani, mawasiliano yetu yanapita nchi jirani hadi kwenye nyaya za baharini, na safari ya kwenda Ulaya na kurudi inakula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Inaonekana ndogo, ila ina madhara nitakayoyaeleza hapa chini.

OpenVPN, iliyoanza mwaka 2001, bado ni imara, na ina faida moja kubwa: inaweza kupita kwenye mlango wa 443 unaotumiwa na tovuti za kawaida, kwa hiyo inafika hata pale WireGuard inapozuiwa. Ni nzito zaidi kuisanidi. Kuhusu PPTP, ambayo bado utaikuta kwenye ruta za zamani: usalama wake ulivunjwa zamani, na Apple iliiondoa kwenye simu na kompyuta zake mwaka 2016. Fundi anayekuwekea PPTP leo, mtafute mwingine.

"VPN ni nzito"

Malalamiko haya nimeyasikia mara nyingi, na karibu kila mara VPN inasingiziwa. Mhasibu anaunganishwa, anafungua programu ya uhasibu, na dirisha linakaa dakika nzima likiwa jeupe. Bosi anataka anunuliwe bando kubwa zaidi. Bando halitasaidia kitu.

Matoleo ya zamani ya Sage, QuickBooks na wenzake huweka hesabu zote kwenye faili lililo ndani ya folda la pamoja. Programu ikifunguka, hailichukui faili lote kwa mara moja. Inauliza swali dogo, inasubiri jibu, inauliza jingine. Maswali 2,000 ni ya kawaida. Ndani ya ofisi kila jibu linarudi kabla hujapepesa jicho. Lakini kama njia yako inazunguka kupitia seva ya ng'ambo na kila jibu linachukua sekunde 0.15, maswali 2,000 ni sekunde 300, yaani dakika 5 za kutazama skrini. Kasi ya intaneti haihusiki hapa. Umbali ndio unaohusika.

Dawa ni kuiacha programu ifanye kazi palepale ofisini, karibu na faili lake, na mhasibu aione skrini tu kupitia VPN. Windows inayo huduma hiyo ndani yake, ila kompyuta ya ofisini lazima iwe na toleo la Pro. Toleo la Home halipokei wageni. Liulize hilo dukani kabla ya kununua kompyuta, kwa sababu kuibadilisha baadaye ni gharama nyingine. Mhasibu akiwa kwake Kinama atabonyeza, skrini ya Ruziba itafuata, na faili halitatoka ofisini hata mara moja. Hapo kuna usalama wa ziada: kompyuta yake ikiibwa, hesabu hazimo.

Jambo jingine linalokula bando bure ni kuelekeza kila kitu kwenye VPN. Kwenye mpangilio wa WireGuard kuna mstari unaoitwa AllowedIPs. Ukiandikwa 0.0.0.0/0, hata video ambazo mtoto wa mhasibu anatazama jioni zitapita Ruziba kwanza. Andika anwani za ofisi tu. Ukifanya hivyo, kinachoongezeka kwenye bando lako ni asilimia 4 hivi ya mawasiliano ya ofisi.

Na anwani hizo zichaguliwe kwa akili. Ruta nyingi zinatoka kiwandani zikitumia 192.168.1 au 192.168.0. Ofisi ikitumia hiyo na nyumbani kwa mhasibu wakitumia hiyohiyo, kompyuta haiwezi kujua printa inayotafutwa ni ya wapi, na hakuna kitakachofunguka. Ipe ofisi ya Ruziba namba zisizo za kawaida, kama 10.37.10, na Rumonge 10.37.20. Ni kazi ya nusu saa kama ofisi ni mpya. Ikishajaa vifaa ni kazi ya siku nzima.

Umeme na watu

VPN nzuri kuliko zote haina maana kama kompyuta inayofikiwa imezimika. Umeme wa REGIDESO ukikatika saa nne na kurudi saa saba, ruta itajiwasha yenyewe. Kompyuta ya mezani, mara nyingi, haitajiwasha. Ndani ya BIOS kuna mpangilio unaoiambia kompyuta iwake umeme unaporudi. Umwombe fundi auwashe, kisha mchomoe waya na kuurudisha mbele yake mjionee. Ruta na kile kisanduku cha fiba vinatumia umeme kidogo sana, na betri ndogo ya volti 12 inaviweka hai kwa saa kadhaa. Ni ununuzi wa maana kuliko ruta ya bei ghali.

VPN ikishakuwepo, itumie kuhamisha nakala za hesabu kila usiku hadi kompyuta nyingine iliyo mbali. Soko Kuu la Bujumbura lilipoungua asubuhi ya tarehe 27 Januari 2013, pamoja na bidhaa zilipotea pia daftari za waliokuwa wanadai na wanaodaiwa. Gatumba imefurikwa na maji mara kadhaa miaka hii ya karibuni. Nakala iliyo kwenye flashi ndani ya droo ya ofisi hiyohiyo si nakala ya kutegemea.

Kuhusu sheria: Burundi ina sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya Machi 2022, na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa. Kwa hiyo mwajiri aandike ni nani ameruhusiwa kuingia wapi, na mfanyakazi atie saini. Anayefanya biashara na Kigoma ajue pia kwamba Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ilitaka watu na kampuni zinazohitaji VPN kwa kazi zao zijisajili, na ikatoa muda hadi tarehe 30 ya mwezi huo. Tawi lako likiwa Tanzania, jisajili.

Halafu wapo watu wanaoondoka. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline, inayosafirisha mafuta mashariki mwa Marekani, ililazimika kufunga bomba lake kwa siku kadhaa. Wezi walipitia akaunti ya VPN ambayo haikuwa ikitumika tena lakini haikufutwa, na ilihitaji nenosiri peke yake bila hatua ya pili. Kampuni ililipa kikombozi cha takriban dola milioni 4.4. Haikuwa kampuni maskini wala isiyo na mafundi. Ilikuwa na akaunti moja iliyosahauliwa.

Kwa hiyo kila mtu apewe ufunguo wake, na kila kifaa kiwe na wake. Usikubali ufunguo mmoja wa ofisi nzima, hata kama fundi anasema ni rahisi zaidi, kwa sababu ukitaka kumwondoa mmoja utalazimika kuwabadilishia wote. Kwenye orodha ya WireGuard, andika mbele ya kila ufunguo jina la mwenye nao na kifaa; orodha hiyo inaonyesha pia ni lini kila mmoja aliunganishwa mara ya mwisho. Ipitie mwanzoni mwa kila mwezi. Nenosiri la ruta lisibaki kwa fundi peke yake: liandikwe, liwekwe kwenye bahasha ndani ya kasha la pesa. Na mfanyakazi akiacha kazi, hata kama mmeagana vizuri, ufunguo wake ufutwe siku hiyohiyo, kabla hajasaini malipo yake ya mwisho.